Neno la Siri la Mtandao wa Ndani

Jumanne saa nane na dakika kumi mchana, orodha ya mtandao wa wateja ilionyesha simu nne. Dukani walikuwa wateja watatu.

Sostenes, fundi aliyekuwa akifunga mtandao huo, hakushtuka. Duka la vitambaa na ushonaji la Sakina, pale Majengo, lilikuwa na mtandao mmoja uliotumiwa na kila mtu. Siku hiyo aliugawa kuwa miwili: "Wateja", kwa wanaosubiri nguo zao, na "Ndani", kwa kamera, mashine ya risiti na kufuli la umeme la stoo. Kufuli hilo lilifunguliwa kwa simu tu, uwe nje au ndani ya stoo.

"Fundi, tangu asubuhi," alisema Hilda, mshonaji. "Ungekuwa unashona wewe, bibi harusi angeolewa amevaa khanga."

Sakina, ambaye wote walimwita Mama Anisa, alicheka. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na hakuwahi kuacha shikamoo ya mtu ipite bila jibu. Asubuhi hiyo Sostenes alimwamkia akiwa juu ya ngazi, naye akaacha kuhesabu chenji ili amjibu: "Marahaba, baba."

Wateja watatu walipoondoka, Mama Anisa aliingia stoo kutafuta bitana. Mlango ukajifunga nyuma yake. Kwenye orodha ilibaki simu moja, isiyo na jina.

Sostenes alitembea na simu yake mkononi akipima nguvu ya mawimbi. Yalizidi kila aliposogelea pazia la chumba cha kujaribia nguo. Hapo palinuka ubani.

"Nani amechoma ubani?"

"Hakuna. Mama huchoma Alhamisi."

"Humo ndani kuna nani?" Alishusha sauti.

"Bibi mmoja," Hilda alinong'ona. "Sikumwona akiingia, nilimsikia tu nyuma ya pazia. Nikamwamkia. Hakuitikia."

"Hakusema marahaba?"

"Aliuliza neno la siri la ndani. Akasema la wateja halimfikishi."

"Ukampa?"

"Fundi, mtu mzima akikuomba kitu, kwetu Mkonze humwambii hapana. Nilimtajia."

Sostenes alivuta pazia. Kulikuwa na kioo, kigoda na pini mbili sakafuni. Alipoangalia simu yake, kifaa kisicho na jina kilikuwa kimetoka kwenye "Wateja" na kimeingia "Ndani".

Ndani ya stoo Mama Anisa alikohoa, kisha akauliza, "Nani huyo?"

Sostenes alifanya alichofundishwa: alibadilisha neno la siri ili kila kilichounganishwa kitupwe nje. Kamera ikatoka, mashine ya risiti ikatoka, simu ya Mama Anisa ikatoka, na kufuli la stoo likatoka nalo, likiwa limefungwa. Kifaa kisicho na jina hakikutoka.

"Umemfungia Mama nacho," Hilda alisema.

Sostenes alijaribu kuliunganisha kufuli upya na kila mara lilikataa, na wakati huo harufu ya ubani ilikuwa ikipita chini ya mlango, na nyuma ya mlango marobota ya vitambaa yalikuwa yakiburutwa sakafuni, moja baada ya jingine, yale ambayo huhitaji wanaume wawili kuyanyanyua, mpaka sauti ikawa imefika karibu kabisa na mbao.

"Nifungulie, mwanangu." Ilikuwa sauti ya Mama Anisa.

Hilda alimshika fundi mkono. "Mwamkie kwanza."

"Shikamoo, mama."

"Nifungulie."

"Shikamoo, Mama Anisa."

Kutoka mbali zaidi, nyuma ya marobota, sauti ileile, dhaifu: "Marahaba, baba. Msifungue."

Hilda alianza kulia. Sostenes alikimbilia kwa jirani, fundi wa mageti, akarudi na mtaimbo. Mlango ulivunjwa saa tisa na dakika ishirini na tano.

Mama Anisa alikuwa ameketi juu ya robota, miwani yake ikiwa sawa, simu mapajani. Hakuwa na jeraha. Marobota yote yalikuwa mahali pake. Sostenes aliangalia orodha: kifaa kisicho na jina hakikuwemo tena.

"Shikamoo, mama," alisema Hilda. Alirudia mara tatu.

Saa tisa na nusu Mama Anisa aliinua uso akamtazama.

"Neno jipya la siri ni lipi?" aliuliza.