Kifuniko Cheupe

Ukumbi wa kata ulijaa hadi watu wengine wakawa wanachungulia madirishani, na joto lilikuwa la kuoka. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia kila mtaa. Soko limefungwa, shule zimefungwa, redio inahimiza watu wanawe mikono kutwa nzima, na bado wagonjwa walizidi kubebwa kwenda kwenye mahema ya hospitali. Siku hiyo kulikuwa na habari mpya: dawa ya kutia kwenye maji ya visima imefika, ila haitoshi mitaa yote. Nusu ya mitaa itaanza, nusu itasubiri mwezi na nusu. Ili pasiwe na mnung'uniko, kila mtaa ulimtuma mtu mmoja aje atoe kifuniko cha chupa ndani ya mfuko wa kitambaa. Cha bluu, mnaanza. Cheupe, mnasubiri.

Mfuko ulishikwa na kijana mrefu, mwembamba, shati limechomekewa sawasawa na kalamu inachungulia mfukoni. Idara ya afya ilimwajiri kufuatilia ni hatua gani inapunguza ugonjwa kweli na ipi inawatesa watu bure. Kazini walimwita Hesabu. Kusubiri kwa ile mitaa mingine kulimsikitisha kama kulivyomsikitisha kila mtu, lakini kulimpa pia nafasi ya kulinganisha. Dawa ikitiwa kote siku moja na ugonjwa ukapungua, nani atajua kama ni dawa, au ni kufungwa kwa soko, au ni mvua tu iliyokatika?

Kifuniko kilikuwa kimebaki kimoja mfukoni, na Hesabu alijua ni cheupe, kwa sababu vya bluu vyote vilikwisha kutoka. Watu walikuwa wameshaanza kubishana makundi makundi, hakuna anayeangalia meza, pale msichana mmoja alipoingia anahema. Alivaa gauni la manjano lililomkaa kama alizaliwa nalo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni na pini zimepangwa kwenye ukosi.

"Samahani jamani, nimechelewa. Nilikuwa namalizia nguo ya mteja."

"Mtaa gani, Fundi?"

"Wa nyuma ya kiwanda cha sabuni."

Angeweza kumwambia kimebaki kimoja, akichukue akakae. Lakini msichana alikuwa mzuri, na ulimi wa kijana ukimwona mzuri haukai kinywani.

"Haya, karibu. Chagua vizuri, usikurupuke. Mtaa mzima uko mkononi mwako."

"Mbona unanitisha?" Alicheka, akaingiza mkono. Mkono ukazunguka, ukasita, ukazunguka tena. Akauma mdomo. Alipoutoa na kukiona kifuniko, kicheko kilimkauka.

"Cheupe."

"Zamu yenu itafika, usiwe na wasiwasi."

"Nitawaambia nini wenzangu?" Akauangalia mfuko kwa jicho la kazi. "Na hili dude kashona nani? Mshono umekwenda upande."

"Mimi."

"Masikini. Ulete dukani niuokoe."

Aliupeleka kesho yake, na kesho kutwa akaenda kuuliza kama uko tayari, ingawa alijua hauko tayari. Duka lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, vyerehani viwili, kimoja cha Fundi na kingine cha mdogo wake, na nyuma ya pazia alikaa mama yao akipiga pasi. Hesabu akawa mtu wa pale. Asipokwenda alipiga simu.

"Halo, Fundi wangu."

"Fundi wako nani? Nina wateja wengi mimi."

"Yule wa mfuko."

"Ahaa, yule mwenye mshono wa kilevi! Mfuko wako bado."

"Usiuharakishe. Ukiisha nitakuja kwa kisingizio gani?"

"Njoo bila kisingizio, mpenzi. Ngoja, mama anataka simu."

"Baba," mama alisema, "hivi unakula kweli? Mtu mwembamba hivyo siku ya harusi atamnyanyua nani?"

"Nitakunyanyua wewe kwanza mama, nipime nguvu."

Mama alicheka hadi akakohoa. Hesabu alimpenda mama yule upesi kuliko alivyotegemea, kwa kuwa wa kwake alikwisha kumpoteza. Alisema wazi, mbele ya mdogo mtu, kwamba ugonjwa ukiisha ataleta wazee wake. Kila aliponyanyuka kuondoka Fundi alimuuliza jambo moja.

"Zamu yetu lini?"

"Inakuja. Chemsheni maji."

"Tunachemsha."

Na kweli walichemsha. Lakini mtu hutoka, jua likampiga, akaomba maji ya kunywa nyumba ya pili, na nyumba ya pili siku hiyo mkaa umekwisha. Zamu ilikuwa imekaribia kabisa mama alipoanza kuharisha. Aliingizwa kwenye hema asubuhi akiwa bado anatania wauguzi. Jioni alikuwa amekwisha kufariki.

Makaburini waliruhusiwa watu wachache tu. Hesabu alisimama nje ya uzio, barakoa usoni, machozi yakiilowesha. Fundi alipopita karibu alimwita.

"Pole, mpenzi wangu. Pole sana."

Fundi alimtazama. Halafu akauficha mkono wake wa kulia ndani ya kanga, akapita. Hesabu aliuona ule mkono ukifichwa kama wa mtu anayekataa kusalimiwa.

Siku chache baadaye hesabu zilikamilika, naye akatumwa redioni kuzieleza. Mitaa iliyoanza kutiwa dawa, wagonjwa walipungua zaidi ya nusu. Mitaa iliyosubiri haikupata nafuu, japo soko na shule vilikuwa vimefungwa kwao pia. "Sasa tumejua," alisema, na ingawa alikuwa amefiwa, sauti yake ilikuwa na furaha, kwa kuwa ni kweli walikuwa wamejua. Dawa iliombwa kwa wingi ikaletwa kote. Soko likafunguliwa, akina mama wakarudi kwenye meza zao wakiimba. Idara ikampongeza. Alirudi chumbani kwake, akaketi kitandani na viatu, akapiga simu.

Simu ilipokelewa. Alisikia pumzi tu.

"Fundi? Sema lolote. Nitukane basi."

Kimya. Hata cherehani hakikusikika. Akangoja, akashindwa kustahimili, akakata. Alipiga tena kesho yake, na siku nyingine, na nyingine. Kila mara ilipokelewa, kila mara kimya, kila mara yeye ndiye aliyekata. Mwisho akaacha kupiga. Alijiambia kwamba mwanamke yule amemhukumu, na hukumu ni ya haki.

Kisha akapewa uhamisho. Ugonjwa ulikuwa umehamia mji mwingine, wa mbali, na huko pia dawa ilikuwa haba. Siku ya safari, mchana, begi begani, miguu ilimpeleka dukani.

"Shemeji, ulipotelea wapi?" mdogo mtu alisema kutoka kwenye cherehani.

"Bado ni shemeji?"

"Muulize mwenyewe."

Fundi alikuwa pembeni, amevaa gauni la kijivu lisilo na umbo, bila futi wala pini. Alikuwa anashona vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, na sindano ilikuwa inamchoma.

"Umeumia mkono?"

"Umekuja kuuliza habari za mkono?"

"Nimekuja kuomba radhi, naondoka leo." Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, sasa yakamtoka ovyo. "Mimi ndiye niliyekubali mitaa isubiri. Nilitaka kujua, na nimejua, na mama amekwenda na hicho nilichokijua. Najua unanichukia."

Fundi aliinua uso. Alishangaa kwelikweli.

"Nani kakwambia nakuchukia?"

"Simu. Unapokea, hunijibu."

"Nilikuwa napokea nikusikie, Hesabu. Nikifumbua mdomo ningekwambia, na ukishajua hutanitaka."

"Nikijua nini?"

Alivuta droo ya cherehani chake akatoa ule mfuko. Mshono sasa ulikuwa umenyooka. Akaingiza mkono wa kulia, taratibu.

"Niliingiza hivi. Nikagusa kimoja, nikakishika kabisa, kikaniponyoka. Nikaona uvivu kukitafuta, nikachukua kingine." Alikunja ngumi humo ndani. "Kile cha kwanza kilikuwa cha bluu. Nakiota kila siku. Ulisema mwenyewe, mtaa mzima uko mkononi mwangu. Halafu nikakusikia redioni, walioanza wamepona. Mama nimemuua mimi, kwa mkono huu. Nguo za watu siwezi kuzikata tena, anakata mdogo wangu. Mkono huu siuamini."

Hesabu alishika ukingo wa meza. Kumbe hakuchukiwa. Kumbe angeweza kumkumbatia sasa hivi, akambembeleza, akasema ni bahati tu, yakaisha, akabaki mpenzi. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Alimwangalia yule mtu aliyekuwa akishona kwa mkono usio wake, akashindwa kunyamaza.

"Kilikuwa kimoja."

"Nini?"

"Ulikuwa wa mwisho. Mfukoni kilibaki kifuniko kimoja tu, na nilijua ni cheupe. Kilichokuponyoka ndicho hicho hicho ulichokitoa. Hapakuwa na cha bluu, Fundi."

"Sasa mbona uliniambia nichague vizuri?"

"Nilikuwa nakutania. Ulikuwa umependeza, nikataka ukawie kidogo mbele yangu."

Cherehani cha mdogo mtu kilinyamaza. Fundi aliutoa mkono mfukoni akaufungua, akautazama kiganja kama amerudishiwa kitu kilichoibwa. Alicheka kicheko kifupi, kikapasuka katikati, na ndipo alipolia. Hakuwa amelia tangu makaburini, mdogo wake ndiye shahidi.

"Basi mama alikufa tu," alisema ndani ya kilio. "Alikufa tu, kama mama za watu wengine."

Hesabu alilia naye, amesimama, bila kuthubutu kumgusa. Mteja alifika mlangoni, akaona, akarudi alikotoka.

"Nenda, Hesabu," Fundi alisema mwishowe, akijifuta. "Nimebeba utani wako kifuani siku zote hizi. Siwezi kukutazama leo."

"Nimekuelewa."

"Na mfuko wako huu." Alimnyooshea, kwa mkono wa kulia. "Huko unakokwenda, kikibaki kimoja, mwambie mtu kimebaki kimoja."

"Nitamwambia."

Alikuwa ameshakanyaga barabara aliposikia anaitwa.

"Utanipigia?"

"Utapokea?"

"Nitapokea. Ila nikinyamaza, usikate."

Alipiga kabla hajafika stendi. Simu ilipokelewa, pakawa kimya. Hesabu aliweka begi chini kando ya barabara, watu wakimpita huku na huku, akangoja na simu sikioni. Baada ya muda, upande wa pili, akasikia mkasi ukikata kitambaa.