Mguu Juu ya Breki

Evelina hakwenda Kigongo kutafuta mchumba. Alikwenda kupanda kivuko na marobota yake ya vitenge, amevaa gauni la kijani lililomkaa vizuri, naye akijua fika kwamba limemkaa vizuri, na foleni ilikuwa haisogei. Mwanamume mmoja akashuka kwenye gari jeupe la Kijapani, akamkaribisha kivulini, kisha akaanza kulisifia gari kana kwamba amelizaa yeye. Jina lake Masalu. Alikuwa akileta magari yaliyotumika kutoka Dar, biashara iliyochangamka Mwanza tangu serikali ifungue milango ya kuagiza bidhaa.

"Hili lina breki za kompyuta," alisema. "Hata ukikanyaga kwenye utelezi, tairi hazigandi."

"Na wewe ukianza kuongea," Evelina akauliza, "unakanyagwa wapi ili usimame?"

Basi, yakaanza. Simu ya dukani kwa Evelina ikawa haipumziki, mpaka wateja wakajua anapoinua mkono wa simu akitabasamu ni nani. Kufika masika ya 1996 Masalu alikuwa ameahidi kutuma washenga, na lile gari jeupe alishampa Evelina alitumie. Mafundi wa mjini walimshauri Evelina achomoe fyuzi ya breki hizo, kama walivyowachomolea wengine, maana hawakuziamini. Masalu akakataa. Watu wakimwona Evelina anatamba nalo, alisema, wateja wataacha woga. Hapo ndipo alipopika mapenzi na biashara sufuria moja.

Siku moja ya mvua, Evelina akimrudisha mama yake kutoka Misungwi, ng'ombe wakakatiza barabara karibu na Usagara. Akakanyaga. Pedali ikatetemeka, ikanguruma, ikawa inausukuma mguu wake juu. Yeye alifundishwa udereva kwenye lori kuukuu la baba yake, na kwa lori lile breki zikikusumbua unaachia, unakanyaga, unaachia tena. Akaachia. Gari likaingia mtaroni. Ng'ombe walipona wote, mama akavunjika mkono.

Masalu alifika hospitali mbio, shati limelowa. Nje ya wodi walikuwepo watu wawili waliotaka kununua magari yake, nao wamekuja kutoa pole, na mmoja akauliza kama ni zile breki. Masalu akamgeukia Evelina mbele yao.

"Breki ni nzima," akasema. "Wewe uliondoa mguu."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Mama alikuwa amelala mle ndani na Masalu alikuwa bado hajauliza hali yake. Evelina akamkabidhi ufunguo, akamwambia washenga asiwatume tena. Wiki nzima simu ililia, akaiacha ilie. Na yeye alilia, tusidanganyane.

Jumamosi Masalu akapanda kilima cha mawe cha Ilemela kwa miguu, akawakuta mama na binti wanachambua mchele nje ya nyumba yao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akajibu, uso haujalegea.

Masalu akaeleza kwamba asubuhi ile alilipeleka gari kwenye uwanja uliolowa, akalikimbiza, akakanyaga breki mpaka mwisho. Pedali ilipotetemeka, yeye aliyezinadi breki hizo mwaka mzima aliondoa mguu kwa hofu.

"Nilikuwa sijawahi kuzionja," akasema. "Nilisoma karatasi za wauzaji tu, nikawa fundi wa mdomo. Sikumkalisha Evelina nikamwambia itatetemeka, usiogope, kandamiza. Halafu nikamuumbua mbele za watu ili wateja wasinikimbie. Mama, mkono wako nimeuvunja mimi. Bado unauma?"

Evelina alitaka kuendelea kukasirika, akashindwa. Mama akauangalia mkono wake uliofungwa hogo la plasta.

"Unauma, baba," akasema. "Na leo ndiyo kwanza unauuliza. Haya, nishike huu mzima niinuke."

Masalu akamwinua taratibu, na mama hakumwachia mpaka mlangoni. Evelina akabaki nyuma yao na ungo wa mchele, machozi yanamtoka.

"Masalu," akamwita. "Wazee wako waje. Lakini kesho unipeleke kwanza huko uwanjani, nikanyage mpaka mguu uzoee."

"Nitakupeleka. Nitasimama pale pembeni nikuelekeze."

"Hapana," Evelina akasema. "Utapanda, ukae na mimi."