Kibao cha Kikombe

Kijana yule alikuwa na msemo wake, na kila aliyepanda boti yake alisomewa kabla hata hajakaa: "Kwenye ghuba hii hakuna kona ambayo nanga yangu haijalala. Chini ya maji haya napajua kuliko chini ya kitanda changu!"

Watu walicheka, wakamwita Nahodha. Na kwa haki ya Mungu, chini ya kitanda chake alikuwa hapajui, maana hajawahi kupapitisha ufagio. Hapo tu ndipo msemo ulipokuwa na ukweli.

Boti yenyewe haikuwa yake. Aliendesha za watu, wale wa Jumamosi na Jumapili wanaotaka kupelekwa mahali penye maji yaliyotulia, nanga ishuke, waogelee, wale, wasinzie, warudishwe. Alivaa kofia nyeupe ya kinahodha aliyoinunua kwenye lundo la mitumba, na shati lililofungwa vifungo viwili tu, vingine vikiwa likizo.

Jumamosi moja asubuhi aliingia kwenye gati la mafuta kwa mbwembwe, boti zimepangana kama watu kwenye foleni ya kinyozi. Wimbi lake likapiga mbao za gati, na juu ya mbao hizo alikuwa amechuchumaa binti mmoja anayeandika kibao cha kukataza sigara. Kopo la rangi nyekundu likapinduka, likamwagikia ovaroli yake.

"We kaka! Hayo ni macho au ni matundu ya kupitishia upepo?"

"Ni macho, dada'ngu. Ila yalikuwa yanakutazama wewe, gati likajileta lenyewe."

"Basi yatazame na haya." Akanyanyua kibao. Herufi zilikuwa zimeota mikia mpaka ukingoni.

"Mbona kimependeza! Hata mimi sivuti sigara, lakini nikikiona hiki naacha."

Binti alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Alikuwa amefunga kitambaa cha njano kichwani, na tone la rangi lilikuwa limemkalia shavuni kama kipini kilichokosea njia. Kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya maduka, majina ya boti, hata misalaba ya makaburini. Fundi wa injini pale gatini alimwita Rangi, na jina lilimkaa.

"Chama cha wenye boti kimenipa kazi," alimwambia Nahodha baada ya kopo kusimamishwa. "Kila kituo kizuri cha kutia nanga kiwe na kibao chake ufukweni. Kina chake, chini kuna nini, na upepo gani wa kuogopa. Natafuta mtu anayeijua ghuba."

Nahodha akaivua kofia, akaiweka kifuani. "Umeshampata, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Hata jina hujaniuliza."

"Jina la nini? Wewe niite tu, nitakuja."

Wakaanza kuzunguka siku za kazi, boti zikiwa hazina wenyewe. Kituo cha kwanza kiliitwa Sebuleni, nyuma ya rasi, mahali ambapo kikombe cha chai hukaa mezani bila kutetemeka. Nahodha akatoa bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kamba yenye mafundo ya kupimia kina. Kwenye kitako chake akabandika sabuni ya kufulia aliyoilainisha kwa kiganja.

"Unaifulia bahari?" Rangi akauliza.

"Naipeleleza. Sabuni ikigusa chini inaokota kilichopo. Ikija na mchanga, nanga itashika. Ikija na tope, itashika zaidi, ila kuiosha utalia. Ikija safi, huo ni mwamba. Hapo huagi, unaondoka."

Bildi ikaja na mchanga mweupe umenata kama sukari kwenye andazi. Rangi akaugusa kwa ncha ya kidole, wakashuka ufukweni, akapiga magoti mchangani, akaandika. Kwenye pembe ya kibao akachora samaki mdogo mwekundu, saini yake.

Kituo kingine kilikuwa Kwa Shangazi, mgahawa uliojengwa juu ya nguzo ndani ya maji. Boti hufungwa kwenye ngazi, na mlaji hupanda moja kwa moja mezani. Mwenyewe alikuwa shangazi wa kila mtu na hakuwa wa yeyote.

"Nahodha, huyu ndiye wa ngapi kumleta?" akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

"Shangazi, usinivunjie nyumba!"

"Nyumba gani? Wewe una kofia tu." Akamgeukia Rangi. "Binti yangu, huyu ulimi wake ndiyo injini. Ukizimika, hana kasia."

Wakacheka wote watatu, na Rangi akamfuta Nahodha mchuzi kidevuni kwa kitambaa chake cha njano. Tangu siku hiyo simu zikawa haziwekwi chini. "Umekula, laazizi?" "Nimekula, umebaki wewe." "Acha ujinga, chaji inakwisha." "Basi ikate wewe." "Ikate wewe."

Kilibaki kituo kimoja, Kikombe. Ni kighuba cha duara kilichozungukwa na majabali marefu, maji ya kijani, kizuri kiasi cha kukufanya unong'one bila sababu. Nahodha hakuwahi kutia nanga pale. Alikuwa akipita nje yake akiwaonyesha abiria kwa kidole, na akisema ni pazuri.

"Na hapa napo umelala?" Rangi akauliza. Alikuwa ameketi mbele ya boti, gauni la bluu limepandishwa magotini, miguu inacheza na maji.

"Hapa? Hapa ndiyo chumbani kwangu."

"Chini kuna nini?"

"Mchanga mtupu."

"Hupimi?"

Bildi ilikuwa karibu na mguu wake, na sabuni mfukoni. Lakini mtu hapimi chumba chake mwenyewe. Akiitupa sasa, atakuwa amekiri kwamba hapajui, na macho yale yaliyokuwa yakimtazama kama mlango uliofunguliwa yangejirudishia komeo. Basi akajichekesha.

"Nipime nini, kipenzi? Mtu akiingia chumbani kwake gizani, huwa anapapasa?"

Rangi akaandika: CHINI MCHANGA. Akachora samaki wake, akakipigilia ufukweni. Kisha akambusu Nahodha kwa mara ya kwanza, na Nahodha akasahau kwamba kuna kitu kinaitwa chini.

Mwezi ule haukuisha. Mwalimu mmoja mstaafu na mkewe waliingia Kikombe Jumapili na boti yao ndogo, wakakisoma kibao, wakatia nanga, wakala, wakajilaza. Alasiri upepo ukageuka. Boti ikaburuzwa mpaka kwenye majabali. Mke alitolewa na mkono uliovunjika. Mwalimu alitolewa kesho yake.

Wazamiaji waliokwenda kumtafuta walisema chini pale hakuna hata punje ya mchanga. Ni mwamba mmoja bapa, umefunikwa majani membamba, unateleza kama sahani yenye mafuta.

Picha ya kibao ikazunguka kwenye simu za watu kabla maiti haijaoshwa. Samaki mwekundu alionekana vizuri kuliko maandishi. Chama kikang'oa vibao vyote, na mwenyekiti akasema mbele ya kamera kwamba wao walimwamini fundi wa vibao. Wenye maduka wakampigia Rangi wakisema kazi iahirishwe. Mmoja hakusema hivyo, alisema tu, "Dada, mkono wako una mkosi."

Rangi akampigia Nahodha. Simu ikaita ikakatika. Akapiga tena.

"Mpenzi, uliniambia mchanga."

Nahodha alikuwa kitandani, amejifunika mpaka kichwani. Kama angesema neno moja tu hapo, ndiyo, hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini nje mwenye nyumba alikuwa akisimulia habari ya yule Mwalimu, na neno jela lilipenya dirishani.

"Nilikuambia mchanga, ndiyo. Ila nikakuambia tutarudi kupima kabla hujakipigilia. Hukumbuki?"

"Ulisema hivyo?"

"Kipenzi, siku ile ulikuwa na furaha sana. Ukakipigilia tu. Sikutaka kukuharibia."

Halafu sauti ndogo: "Basi ni mimi."

Angekanusha. Alifungua mdomo. Alichosema ni, "Pole, mpenzi."

Wiki zilizofuata Rangi hakupokea simu yake. Si kwa hasira, kwa aibu. Nahodha alielewa vinginevyo. Akadhani amebainika, akawa hali, halali, na ule msemo wake ukamwisha mdomoni. Abiria wakimwuliza wapi pazuri, aliwapeleka Sebuleni peke yake, na akifika alipima mara mbili.

Mwishowe alikwenda nyumbani kwao. Chumba cha Rangi kilinuka mafuta ya taa na rangi iliyokauka. Brashi zilikuwa zimeachwa kwenye kopo bila kuoshwa, zimegeuka kuni. Alikuwa amekonda, kitambaa cha njano kimelegea.

"Umekuja kuniacha," akasema.

"Nani akuache?"

"Nimeua mtu, na wewe nimekuharibia jina. Ulinionya nikawa kiziwi. Nisamehe."

Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema. Lakini mikono ya Rangi ilikuwa imeshamshika shingoni, machozi yake yanamlowesha shati, na kijana akaona amerudishiwa dunia yote bure. Nani anarudisha zawadi ya namna hiyo? Basi akasema lile alilokuwa akilitaka tangu siku ya kopo.

"Nioe."

"Mwanamume ndiye husema nikuoe, mjinga wewe."

"Basi nikuoe. Nimechanganyikiwa."

Rangi alicheka, cheko la kwanza tangu Kikombe, nalo lilikwaruza kama mlango wa siku nyingi. Mama yake aliyekuwa jikoni akachungulia. "Ni kilio au ni kicheko?"

"Vyote, mama."

"Sawa. Mradi mnafanya pamoja."

Kisha Rangi akajifuta uso. "Nitakubali. Lakini siwezi kuvaa gauni la harusi na mtu yule amelala kaburini sijamwomba radhi mkewe. Twende wote. Nitamwambia ni mimi."

"Haina haja, kipenzi. Utamtonesha kidonda."

"Mimi nitakwenda. Wewe kama huwezi, nisubiri nje."

Angekaaje nje? Akaenda.

Mjane aliishi nyumba ya vyumba viwili, viatu vya mumewe bado viko mlangoni, vimeelekea nje kama vya mtu anayetoka sasa hivi. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta. Aliwakaribisha kiti, akaagiza chai, hakuwauliza ni akina nani. Nahodha alikuwa amevua kofia na kifungo cha juu kimefungwa.

Rangi alipiga magoti kwenye zulia. "Mama, mimi ndiye niliyeandika kibao. Niliambiwa tupime kwanza, sikusikia. Ni mkono huu. Nimekuja unihukumu wewe, si wale wa kwenye kamera."

"Simama, mwanangu. Zulia lina vumbi. Nani alikuambia upime?"

Rangi akamgeukia mchumba wake. Ikabidi Nahodha aseme. Akakohoa, akaiweka sauti yake ya upole, ile ya kuwatuliza abiria wanaoogopa mawimbi.

"Ni mimi, mama. Kwa kweli mimi pale Kikombe nilikuwa na mashaka napo tangu mwanzo. Nilimwambia, mpenzi, tusiharakishe, tupime. Lakini binadamu ni kusahau. Mimi simlaumu. Na lau Mwalimu angeniuliza mimi, ningemwambia aondoke pale mara moja."

Kijiko kilikuwa kikizunguka kwenye kikombe cha mjane. Kikasimama.

"Sema tena."

"Nini, mama?"

"Hayo ya mwisho. Sema tena, nikusikie."

Nahodha akaigeuza kofia magotini. Namba ile iliyopiga alasiri ya Jumapili hakuijua, na tangu siku hiyo alikuwa amejiapisha kwamba aliyepiga ni mzee mwingine, wa boti nyingine, mahali pengine.

"Mume wangu alikuwa na usingizi mwepesi," mjane akasema, akimwambia Rangi. "Upepo ulipoanza aliamka, akaweka mkono kwenye mnyororo. Akaniambia, mke wangu, huu mnyororo unanguruma, kama unaburuzwa kwenye sakafu. Alitaka tung'oe nanga. Mimi ndiye niliyesema, kwanza uliza kwa mtu anayejua. Namba tulikuwa tumepewa na yule mama wa mgahawa wa kwenye maji. Akapiga, akafungua spika, maana masikio yake yalikuwa yamechoka."

Nje muuza maji alipita akigonga dumu. Hakuna aliyegeuka.

"Palikuwa na muziki huko alikopiga. Mtu akacheka. Akasema, Mwalimu, mnyororo kunguruma ni kawaida, hiyo ni changarawe kidogo. Uongeze mnyororo, ulale. Mume wangu akamshukuru. Akaongeza mnyororo. Akalala."

"Mama," Nahodha akaanza, "sauti za simu zinafanana..."

"Mimi nami nimefundisha watoto miaka mingi, baba. Anayejificha nyuma ya darasa namjua kwa kikohozi."

Mkono wa Rangi ulikuwa umeshika wa Nahodha tangu walipokaa. Haukumtupa, haukumbana. Ulijiondoa tu, kidole baada ya kidole, kama mtu anayefungua kamba ya boti bila kutaka kuiyumbisha, ukaenda ukatua kwenye plasta ya mjane.

"Rangi. Mpenzi. Nisikilize."

Hakumgeukia.

"Mama," akasema Rangi, "endelea. Alipolala ikawaje?"