Kijiko Mlangoni mwa Friji

Alhamisi, saa kumi na robo jioni, fundi Zoraida Quesada alipiga magoti mbele ya friji la mzee Filiberto, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kijiko cha mbao. Kilikuwa kimepachikwa kwenye mlango ili usijifunge.

"Hiki umekiweka wewe?"

"Fundi, mimi nimeibiwa insulini, wewe unaniuliza habari za vijiko!"

Mzee Filiberto alikuwa na miaka sabini na minne na aliishi peke yake katika chumba cha juu cha jengo kongwe katika mji wa bandari wa Cienfuegos. Friji lilikuwa jipya, miezi minne tu, zawadi ya binti yake aliyeko ng'ambo. Saa mbili asubuhi alikwenda kupanga foleni ya gesi. Aliporudi saa kumi, alikuta friji limezima, na kopo lenye chupa zake mbili za insulini halipo. Alitakiwa kujidunga sindano saa moja jioni. Kliniki ya mtaa ilikuwa imeishiwa hadi Jumatatu, na mwenye kisukari kama chake hasubiri Jumatatu. Basi mzee alisimama kwenye kibaraza akaapa, jengo zima likisikia, kwamba mwizi huyo atafia jela.

Zoraida hakuwa polisi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane aliyerithi begi la vifaa la mumewe, na watu walimkumbuka pale tu kitu kilipoharibika. Kwake, siku nyingi zilipita hajazungumza na yeyote isipokuwa redio, na redio haijibu. Lakini friji alilijua, na friji halidanganyi.

Alichomeka taa yake ya majaribio kwenye soketi. Ikawaka.

"Umeme upo. Plagi iko wapi?"

Aliikuta juu ya friji, kule nyuma, ncha zake zimefungwa kitambaa cha maua kwa fundo safi.

"Umeme ukikatika, mzee, huwa unachomoa plagi?"

"Nani asiyechomoa? Ukirudi kwa kishindo si unaunguza mtambo?"

"Ukishachomoa unaiweka wapi?"

"Sakafuni, hapa njiani, nijikwae nikumbuke kuirudisha."

"Hebu ninyooshee mkono, uguse juu ya friji."

Mzee alijaribu. Mkono ulifika begani ukagoma. "Miaka ishirini ya kukata miwa, fundi. Bega hili lilibaki shambani."

Zoraida alifungua sehemu ya barafu. Palikuwa na glasi, kama ilivyo katika kila nyumba: unagandisha maji, unaweka sarafu juu ya barafu, ukitoka kwako ukarudi, sarafu inakuambia kama umeme ulikatika huku nyuma. Sarafu ilikuwa imezama chini kabisa, na kipande chembamba cha barafu kilielea juu yake. Kwa joto la siku ile, na mlango ukiwa wazi kidogo, alikadiria saa sita. Friji lilizimwa kwenye saa nne asubuhi. Chini yake palikuwa na karai lililokinga maji yote. Kipande cha nyama ya nguruwe kilikuwa kimeviringishwa kwenye magazeti mazito, bado kina ubaridi. Jibini lilikuwepo. Kilichokosekana ni kopo tu.

"Osniel!" mzee akafoka, maana mpwa wake alikuwa ameingia. "Ufunguo unajua ulipo. Dawa yangu umemuuzia nani?"

"Ufunguo uko juu ya sanduku la mita, mjomba, hata paka wa jengo hili anajua," alisema Osniel. Alikuwa bado na unga wa kiwanda cha mikate kwenye nywele. "Nauza sigara, nauza sabuni, nakubali. Lakini insulini yako? Unanionaje wewe?"

"Ninavyokujua!"

"Zamu yako iliisha saa ngapi?" Zoraida aliuliza.

"Saa tisa. Tulikuwa wanne, waulize."

"Na mwizi wa kuuza angeacha nyama na jibini?"

Mzee akaitazama nyama, kisha jibini. Osniel akampa mgongo.

Saa kumi na moja Zoraida alishuka kwa Melba, wa chini, ambaye kwa miezi minne alikuwa akilalamika kwamba friji jipya linamdondoshea maji darini.

"Ulipanda kulizima, Melba?"

"Ningekuwa wa kulizima ningelizima siku ya kwanza, shoga yangu! Leo hata tone sikuona. Saa nne nilisikia karai likiburutwa juu ya kichwa changu, nikasema, haya, mzee leo kapata akili."

"Umeme ulikatika asubuhi?"

"Hata dakika. Zamu yetu ya giza ilikuwa jana."

Zoraida alipanda ngazi polepole. Mwizi gani huyu anayekinga maji yasimlowanishe jirani? Anayeacha mlango wazi kidogo, friji lisiote ukungu? Mkono ule haukuwa na haraka wala chuki. Ulikuwa mkono wa mtu anayetunza vyombo. Moyo wake ukawa mzito, kwa sababu alianza kumjua.

Saa kumi na moja na nusu alibisha kwa jirani Eneida, mlango unaofuata ule wa mzee. Eneida alifungua upesi sana, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango.

"Karibu, karibu fundi, kahawa iko tayari."

Friji lake la Kimarekani lilikuwa na umri unaokaribia wake, na Zoraida ndiye aliyelifufua mara tatu. Kwa miaka sita Filiberto aliweka insulini humo. Alibisha saa moja asubuhi na saa moja jioni, akanywa kahawa, akagombana na Eneida kuhusu besiboli, akaondoka. Kisha likaja friji jipya.

Pembeni palisimama feni. Plagi yake ilikuwa imefungwa kitambaa cha maua kwa fundo safi.

"Dada Eneida, kwa nini unazifunga plagi?"

"Hewa ya bahari. Ncha zinashika kutu." Alisema hivyo, kisha akamwona Zoraida anavyoitazama feni. Akakirudisha kikombe mezani.

Zoraida alitoka akamwita mzee, na Osniel akafuata. Mbele yao alilifungua friji kuukuu. Rafu ya kati, mbali na barafu isije ikaigandisha dawa, mahali palepale pa miaka sita, kopo lilikuwa limekaa.

"Wewe?" Filiberto alisema.

"Nilitaka udhani limeharibika," Eneida alisema bila kuinua macho. "Ukija kulalamika nikwambie, nimepita nikakuta limekufa, dawa nimekuokolea. Ungeiacha hapa kama zamani. Lakini ukaanza kupiga kelele za jela, nikaogopa. Ningeiweka mlangoni kwako kabla ya saa moja, nakuapia."

"Na ungechelewa? Ningekufa, Eneida!"

"Miezi minne hujanigongea. Tunatenganishwa na ukuta, nasikia hata unavyokohoa. Ungeniuliza hata mara moja kama bado niko hai."

Mzee alilichukua kopo kwa mkono wake mzima. Akamtazama Osniel, akayainamisha macho. "Nisamehe, mwanangu," alimwambia mpwa wake, na wote wawili wakatoka. Kupitia ukutani Zoraida na Eneida walisikia mlango wa mzee ukifungwa, kisha komeo.

Zoraida alichukua begi lake. Saa moja kasoro dakika kumi. Kazi ilikuwa imekwisha, na huko kwake redio ilikuwa inamngoja.

"Fundi," Eneida alisema, uso ameuelekeza dirishani. "Hili langu linatoa mlio siku hizi. Hebu lisikilize."

Zoraida alitega sikio lake kwenye mlango wa friji kuukuu. Mtambo ulikuwa mzima, unanguruma vilevile kama alivyouacha mwaka jana, hauna kasoro yoyote.

"Ndiyo," alisema, "nausikia." Akavuta kiti, akafungua begi la vifaa, na Eneida akaenda kuweka kahawa nyingine motoni.