Kondo la Ketrina

Helikopta ilikuwa imeoshwa kwa sabuni na dawa, sakafu mpaka siti, na bado ilinuka. Haikuwa harufu ya damu. Hiyo Zahoro alishaizoea. Hii ilikuwa ya kitu kibichi kilichofungiwa kwenye nailoni kikasahaulika juani, na ilimganda kooni hata akiwa mezani.

Sasa huyu Zahoro, msimwone rubani wa kubeba mahututi mkadhani ana roho ngumu. Hewani alikuwa fundi, angetua kwenye uwanja wa mpira uliojaa tope asiguse hata goli. Lakini kinyaa, jamani. Nesi wake, Recho, alizoea kumtania kwamba mgonjwa akitapika mara moja, kapteni anatapika mara mbili.

Mvua zilipokata barabara ya Ivuna, yeye na Recho ndio waliokwenda kumchukua Ketrina, mzazi wa huko. Alikuwa amejifungua nyumbani, kondo la nyuma likagoma kutoka, damu inamwagika. Mama yake, Fortunata, alikosa nafasi kwa sababu ya uzito, akalishika dirisha la rubani.

"Likitoka mniletee, baba. Nilizike mwenyewe mlangoni. Huku kwetu halitupwi, kuna wenye kulisubiri."

Hewani likatoka. Recho akalitia kwenye mfuko mweusi, akauweka nyuma ya siti ya Zahoro. Wingu zito likawalazimisha kutua Chitete na kungoja. Joto likapanda, mfuko ukaanza kunuka, na Zahoro, mate yakimjaa mdomoni, akaunyanyua kwa ncha za vidole akautupa kwenye matete bondeni. Recho alipouliza, akamwambia amempa mtu wa Ivuna anayerudi kwa miguu aupeleke. Uongo mtupu.

Ketrina akapona. Harufu ndiyo iliyobaki.

Kisha ikaja sauti. Walikuwa wanarudi kutoka kijiji cha Ruanda, machela tupu, Zahoro akasikia kwenye hedifoni mtu anatafuna, taratibu, mdomo wazi, kitu chenye utelezi.

"Recho, unakula nini?"

"Sili kitu, kapteni," Recho alinong'ona. "Hata mimi nasikia. Nilidhani ni wewe."

Kutafuna kukakoma. Kitu cha moto, chenye majimaji na kukwaruza, kikampitia Zahoro shingoni kutoka kwenye kola mpaka nyuma ya sikio, na sauti iliyojaa mate ikamwambia karibu kabisa, "Ulinilisha kwa mkono wako. La mkeo lini?"

Mkewe, Raudha, alikuwa na mimba kubwa, nyumbani Tunduma. Zahoro alifika akamkuta kitandani mchana ule, kanga imemgandama tumboni.

"Nikisinzia tu, kitu kinanilamba tumbo," alisema kwa sauti ya chini. "Nimesoma Ayatul Kursiy mpaka koo limekauka. Mume wangu, mtoto hachezi tangu asubuhi."

Zahoro akaifunua ile kanga. Ute mzito wa kijivu ukavutika nayo nyuzi nyuzi, na harufu ilikuwa ileile. Akatapika palepale sakafuni.

Kesho yake alikuwa Ivuna, akapiga magoti mbele ya Fortunata akasema yote. Yule mama akamtazama kama mtu aliyekanyaga mavi akaingia nayo ndani.

"Ulimpa kwa mkono wako, kampokonye kwa mkono huohuo. Na usivae glavu. Ukichelewa, atamfuata mtoto."

Wakaenda wote Chitete. Fortunata akasimama ukingoni, Zahoro akaingia kwenye matete, tope likimfika mapajani, tope la moto lililotoa mapovu kila alipoinua mguu, akapapasa kati ya mizizi na vitu laini asivyotaka kuvijua, mpaka vidole vyake vikagusa nailoni, na mfuko ulikuwa umevimba, wa moto, unadunda, na alipouvuta kitu upande wa pili kikauvuta pia, midomo isiyo na meno ikamfumbata kiganja na kumnyonya mkono hadi kwenye kifundo, inameza, inameza, naye akatapika juu ya mkono wake mwenyewe huku akivuta na kulia na kulitaja jina la Mungu, mpaka mfuko ukaachia kwa mlio wa kukirihisha.

Wakauzika mlangoni kwa Fortunata. Jioni ile Raudha akapiga simu: mtoto anacheza. Helikopta nayo ikaacha kunuka, na Recho akarudia kula mihogo yake ndani.

Raudha alijifungua salama, mtoto wa kiume. Kondo lake likazikwa kwa heshima zote. Kasoro ilikuwa moja tu: mtoto hakutaka ziwa. Kila alipowekewa mdomoni aligeuza uso, akalia hadi sauti ikamkauka, na wauguzi wakaanza kutazamana.

"Hebu mshike wewe," Raudha alisema, amechoka.

Zahoro akampokea. Mtoto akanyamaza. Akanusa, akageuza kichwa, akaukamata mkono wa kulia wa baba yake, uleule ulionyonywa bondeni, akaanza kuulamba kidole kimoja kimoja, chini ya kucha, katikati ya vidole, pole pole, macho wazi yakimtazama. Zahoro akajaribu kuutoa. Fizi zikabana kwa nguvu ambayo si ya kichanga.

"Usiuondoe," Raudha alimsihi, machozi ya furaha yakimtoka. "Tangu azaliwe, ndiyo kwanza anakula."

Kichefuchefu kikampanda Zahoro. Akakimeza, akauacha mkono.