Mgeni wa Mjuaji

Saa sita mchana, jua likiwaka dirishani, nyumba ya Mjuaji ilinuka shuka iliyoungua kwa pasi. Pasi yenyewe hakuwa nayo. Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Yeye alifungua dirisha, akawalaumu majirani, akalala.

Jina la Mjuaji alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali, huko ugenini, alikokesha usiku kucha akisukuma shuka kwenye mashine na kulala mchana. Alijua kila kitu, bwana! Mkataba wa nyumba, kurasa kumi na moja, kwa lugha aliyoielewa nusunusu, alitia saini akiwa wima, maana aliona haya kumwomba dalali amsomee. Siku ya kuhamia, begi bado liko mkononi, akasikia sauti mlangoni: "Hodi." Kiswahili safi, katika jengo ambalo hakuna aliyejua hata salamu ya kwao. Naye, kwa upweke na ujinga, akajibu bila hata kugeuka, "Karibu, pita ndani!" Mlango ukafunguka, ukajifunga. Hakuona mtu. Akacheka peke yake, akaenda kupanga soksi.

Mwezi wa pili mgeni akaanza kukohoa. Hakikuwa kikohozi cha mgonjwa, kilikuwa kile cha mtu anayetaka kujua kama umelala. Kilianzia sebuleni, kikahamia chumbani, na mchana mmoja wa mwezi wa nne, Mjuaji akiwa amejifunika gubigubi, jasho likimtoka na harufu ya kuungua ikimjaa puani, godoro likabonyea upande wa pili, taratibu, kama mtu mzito anayekaa kwa uangalifu asimwamshe mwenzake, kisha mkono mkavu ukaanza kuikunja shuka kutoka miguuni, kona kwa kona, kwa ustadi wa mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, ukapita vidole, ukapita visigino, ukafika magotini, na sauti ileile ya siku ya kwanza ikamwambia sikioni, kwa upole, "Nimeshapumzika. Sasa tuzungumze."

Mwanamume mzima akashuka ngazi mbio akiwa na nguo ya ndani tu.

Alimpigia simu shangazi yake, mganga wa watu kule kwao.

"Shangazi, humu ndani kuna kitu," alinong'ona.

"Ulikikaribisha?"

"Kilibisha hodi."

"Nimekuuliza, ulikikaribisha?"

"Ndiyo."

"Bila kuuliza ni nani?" Shangazi akasonya, msonyo mrefu usiokwisha. "Huyo ni jini, na umemwingiza kwa mdomo wako mwenyewe. Sasa usimjibu neno. Kwa miezi minane hivi atachoka, ataondoka. Au nyumba ipate mwenyeji mwingine: atatoka nje abishe hodi upya, na huyo akimkaribisha, atamfuata huyo. Na hilo usithubutu kumfanyia mtoto wa mwenzio, unanisikia?"

Miezi minane! Mkewe na binti yake wa miaka mitano walikuwa wanafika mwisho wa mwezi uleule. Mtoto alale na kitu kile? Hapo tumpe haki yake: alikuwa baba, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Ila alichofanya baada ya hapo ni chake peke yake.

"Nataka kuvunja mkataba," alimwambia dalali.

"Mkataba ni wa mwaka. Umekaa miezi minne." Dalali hakuinua hata macho. "Ukurasa wa tisa. Unatoka mapema ukileta mpangaji wa kuchukua nafasi yako. Sababu ya kuhama?"

"Unyevunyevu."

Dalali akaandika unyevunyevu.

Mpangaji alipatikana kazini kwake: dada mmoja mpiga pasi, mgeni kabisa, aliyekuwa akilala kwenye ukumbi na wenzake wanane. Alimwamini Mjuaji kwa sababu moja tu, walizungumza lugha moja. "Kaka, Mungu akuzidishie," alisema, machozi yakimlengalenga. Unadhani Mjuaji aliona haya? Wapi!

"Majirani hapa ni watu wa adabu," alimwambia. "Ukisikia hodi, wewe karibisha tu. Usianze kuwahoji."

Alimkabidhi funguo, kisha akasimama kwenye ngazi na mabegi yake, akitega sikio kama mwizi.

"Hodi," sauti ikasema pale juu.

"Nani?" akauliza yule dada.

"Hodi."

"Nimekuuliza, wewe nani? Kama huna jina rudi ulikotoka, mimi nina usingizi."

Mnyororo wa mlango ukagongana na chuma. Kumbe swali lenyewe ni neno moja tu, na Mjuaji kwa ujuaji wake wote hakuwahi kuliuliza. Kikohozi kikasikika ngazi ya juu kabisa. Kisha ngazi ya chini yake. Mjuaji akaacha begi moja palepale, akakimbia.

Alipata chumba upande mwingine wa mji. Familia ikafika, wiki mbili zikapita bila harufu wala kikohozi. Neno karibu alijikataza kabisa, wageni wakija anafungua mlango na kutabasamu kama bubu. Mkewe hakuambiwa kitu, maana angemwita mumewe mjinga, na Mjuaji alikuwa tayari kwa lolote ila hilo. Kwa hiyo na mtoto hakuonywa.

Jumamosi moja mchana, mke akiwa dukani, Mjuaji alikuwa bafuni, sabuni tele usoni, aliposikia miguu midogo ikikimbilia mlangoni na sauti ya binti yake, kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake, "Karibu, pita ndani!"

Alitoka akigonga kuta, macho yakimwasha. Mlango ulikuwa unajifunga wenyewe. Sebule ilinuka shuka iliyoungua. Mtoto alikuwa ameshavuta kiti, na juu ya meza kitambaa kilikuwa kinakunjwa, kona kwa kona, na hapakuwa na mtu.

"Nani?" Mjuaji akapiga kelele. "Wewe nani?"

"Mbona unamgombeza mgeni, baba?" mtoto akasema. "Anauliza mimi nalala wapi."