Waridi Lisilotaka Ndoo

Haya, msomaji wangu, nitegulie hiki: nina mtungi hauna mdomo, kiu unaivumilia, maji mengi yanauozesha. Fikiri huku unasoma.

Fundi cherehani alikuwa anatia zipu kwenye sketi aliposikia begi likibwagwa mlangoni. Mama mkwe wake amerudi. Alikuwa amekaa miezi miwili kwa binti yake aliyejifungua. Hakusalimu mtu. Alikuwa ameinamia waridi la jangwani, mmea ambao marehemu mumewe aliuchimbua kwenye majabali, akaupanda katika sufuria kuukuu mwaka waliooana. Majani yote yamepukutika. Alipolibonyeza shina lile nene, kidole kilizama kama kwenye papai bovu.

"Nani kamwaga maji humu?" aliuliza.

Mwanawe, kinyozi, aliangalia viatu vyake. Basi mama akamgeukia mke wa kinyozi, yaani fundi wetu. Alimwambia ana mkono wa kuua. Alimwambia kaburi la mumewe liko mbali, na mti huu ndio uliobaki. Fundi alikana mara tatu, hakusikilizwa. Damu ikamchemka. Alitupa mkasi mezani, akaenda kumwita jirani muuza miche, ili aseme mtu anayejua.

Jirani alibonyeza shina, akaguna.

"Mmeponzwa na jina. Mmesikia waridi, mkaleta ndoo. Huu hauna undugu na waridi. Shina ndilo mtungi wake, maji yake yamo humo. Kiangazi unapukutisha majani, unalala. Sasa umelala, nyinyi mnaunywesha kwa nguvu. Mama, ungefanyiwa wewe usingizini?"

Mama alikaribia kucheka, akakumbuka kwamba amekasirika.

Jirani alivaa glavu. Utomvu mweupe wa mti huu ni sumu, alisema. Wawindaji waliupaka kwenye mishale. Watoto na mbuzi wakae mbali. Kwa kisu safi alikata sehemu zote zilizooza mpaka akafika penye nyama ngumu. Akaagiza mti ulazwe kivulini wiki mbili, kidonda kikauke. Kisha upandwe kwenye mchanga na kokoto, chombo kitobolewe chini, kikae juani. Maji ni pale udongo unapokauka kabisa. Ukiwa umelala, usiupe hata kikombe cha maji.

Fundi aliyashika yote. Alitoboa sufuria kwa msumari. Kila mara kabla ya kumwagia alichovya kidole mchangani. Mama alimtazama kwa mbali. Mezani alimwita "huyo". Huyo apitishe chumvi. Huyo afunge mlango.

Mwezi wa tatu tangu siku ile, majani yakatoka. Halafu, asubuhi moja, maua matano ya rangi ya waridi.

"Njoo uone, mwanangu," mama alimwita fundi, sauti imelainika.

Fundi alikuja, akasimama mikono kiunoni. "Nimeona, mama. Lakini swali lako halijajibiwa. Nimebeba lawama ya mtu miezi mitatu. Leo ajitokeze. Nani alimwaga maji?"

Kinyozi alikuwa anafunga vifungo vya shati. Akaviacha.

"Mimi," alisema. "Kila alfajiri, ndoo nzima, mke wangu akiwa jikoni. Nilitaka mama arudi akute maua. Na alipokutukana wewe, nilimwogopa, nikanyamaza."